Kutoka Kidato cha Sita Hadi Chuo Kikuu: Mwongozo wa Muhula wa Kwanza

Shuleni kulikuwa na watu wanaolipwa mshahara kukuamsha. Kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu, prepo ya lazima, na matroni aliyejua kitanda chako kiko wapi. Chuoni hayupo hata mmoja wa hao. Ukikosa vipindi wiki tatu mfululizo hakuna atakayekuita ofisini, na siku utakayoulizwa utakuwa umeshika karatasi ya UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula.

Ndiyo maana wengi wanaoanguka mwaka wa kwanza si wale waliokuja na matokeo ya chini. Nimewaona wenye Division One za pointi tatu, matokeo ya juu kabisa, wakirudi nyumbani, na wenye Division Two wakimaliza na heshima zao. Kinachowatofautisha mara nyingi ni walivyotumia wiki sita za mwanzo, kabla hakijatokea kitu chochote cha kutisha.

Ninaandika kwa anayeingia chuo kikuu Tanzania moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Aliyepitia diploma mengi ya haya ameshayaonja.

Hatua ya 1: Linda laini yako ya simu

Huu ni ushauri mdogo unaowaponza watu wengi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Dirisha la udahili hufunguliwa muda huohuo, na wewe pengine uko kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, mahali ambapo simu haikai mkononi muda wote. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo kimoja unachokwenda, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Laini ikiwa imefungwa, imepotea, au ni ya binamu yako aliyehamia Geita, nafasi inaweza kukupita hivihivi.

Kwa hiyo kabla ya kupanda basi la kwenda kambini, tumia namba iliyosajiliwa kwa jina lako na umwachie laini mtu mmoja unayemwamini: dada, mjomba, mtu anayejua kusoma ujumbe wenye haraka. Mwachie pia nywila ya akaunti yako ya maombi ya udahili na ile ya mkopo. Mweleze kozi unazozitaka kwa mpangilio, ili asije akakuthibitishia chuo kwa sababu kiko karibu na kwake.

Hatua ya 2: Andaa makaratasi

Soma barua ya kujiunga mwanzo hadi mwisho, hata ukurasa wa kanuni za mavazi. Orodha haitofautiani sana chuo na chuo: cheti halisi cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa muhuri na daktari, na bima ya afya. Kama huna bima, kuna ya wanafunzi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, shilingi 50,400 kwa mwaka, nayo hulipwa wakati wa usajili.

Toa nakala tano za kila kitu, tatu zikiwa zimethibitishwa na wakili, na upige picha zote uzihifadhi kwenye barua pepe yako. Fomu ya afya ijaze nyumbani, kwenye hospitali ya wilaya. Ukisubiri kufika chuoni utakuta foleni ya wenzako wote walioahirisha kama wewe.

Jina ni jambo la kutazama kwa macho mawili. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed na cha kidato cha nne kinasema Muhammad, au jina la tatu limebadilika kutoka la babu kwenda la ukoo, anza kushughulikia sasa kwa hati ya kiapo. Tofauti ya herufi moja inatosha kukuzungusha dirisha moja hadi jingine mwezi mzima.

Hatua ya 3: Njoo na hela ya kula ya mwezi

Kama umepata mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, usije chuoni na nauli tu ukitegemea bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Hela haitoki siku ya kufungua chuo. Inatoka baada ya chuo kukusajili, jina lako kutumwa, na wewe kusaini kwa alama ya kidole. Hapo katikati mtu anakula nini? Anakopa. Bumu likiingia, nusu linaenda kwa mama ntilie na kwa rafiki, na muhula mzima anakimbiza deni la Novemba.

Mzazi akisema hana hela ya mwezi, basi walau ya wiki tatu, pamoja na mchele, maharage na unga kama unakoishi wanaruhusu kupika. Jisajili siku ile ile usajili unapofunguliwa. Anayesubiri wiki ya mwisho ndiye huyo jina lake linakosekana kwenye orodha ya kwanza ya malipo.

Angalia pia asilimia uliyopewa kwenye ada. Mkopo wa HESLB hugawanywa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo. Mtu anaweza kupata fungu zima la chakula halafu ada akapewa sehemu. Tofauti hiyo ni yenu nyumbani kulipa, na kuna vyuo haviruhusu kuingia UE bila kuimaliza. Zungumzeni mapema na wazee, kwa tarakimu, siyo kwa "tutaona".

Hatua ya 4: Chagua pa kulala kwa kuangalia ratiba ya usiku

Hosteli za chuo ni nafuu na zinaisha haraka, kwa hiyo omba siku dirisha linapofunguliwa. Ukikosa, kuna geto, chumba cha kupanga mtaani. Kwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu huangalia Changanyikeni, Msewe na Makongo. Dodoma ni Ng'ong'ona. Kwa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Mwanza, ni Malimbe. Usilipe dalali kwa kutumiwa picha. Lala kwa mwenyeji siku mbili, kaone chumba kwa macho, uulize maji yanatoka siku gani, na urudi pale saa mbili usiku uone njia ilivyo. Chumba cha bei chee kilichoko mbali na maktaba kitakufanya uache kusoma usiku, kwa sababu utaogopa kurudi.

Kuna na kubebana: wewe huna chumba, rafiki anacho, mnalala wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu. Vyuo vinakataza, wanafunzi wanaendelea. Mimi sitakuhukumu, ila nakwambia weka mwisho wake. Wiki mbili mtu anavumilia. Miezi miwili, mwenye kitanda anaanza kukuchukia kimyakimya, na wewe hupati pa kusomea.

Hatua ya 5: Jua saa zako zilipo

Hapa ndipo penye mwongozo wenyewe, kwa hiyo twende taratibu.

Ukiona ratiba yako ya kwanza utafurahi. Jumatatu vipindi viwili. Jumatano mchana hakuna kitu. Ijumaa unamaliza saa nne asubuhi. Utampigia mama umwambie chuo ni raha. Sasa chukua kalamu. Kila somo lina krediti, na kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Somo la krediti 12 ni saa 120. Muhula una wiki 15 hivi za kufundishwa. Kama mhadhara wa somo hilo ni saa tatu kwa wiki, umefundishwa saa 45. Saa 75 zilizobaki ziko wapi? Ziko kwenye ile Jumatano mchana isiyo na kitu. Ni saa tano kila wiki kwa somo hilo moja. Ukiwa na masomo matano ya aina hiyo, ni saa 25 kwa wiki ambazo hazijaandikwa popote kwenye ratiba, na mhadhiri akitunga mtihani anahesabu kwamba umezitumia.

Kwa hiyo wiki ya kwanza andika ratiba ya pili, ya kwako, uzibe zile nafasi. Saa mbili baada ya mhadhara wa asubuhi, kaa kwenye kimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, ukiwa na daftari, usome ulichofundishwa siku ile ile kabla hakijapoa. Usipange kusoma saa nane usiku kila siku kwa sababu ulimwona jirani anafanya hivyo. Huyo jirani analala mchana kwenye mhadhara.

Mhadhara wenyewe una tabia zake. Darasa linaweza kuwa na watu mia nne, kipaza sauti kinakoroma, na mhadhiri hasemi "andikeni". Anaongea, anapita. Ukimsubiri akupe nouti za kunakili kama za fizikia ya kidato cha tano, utatoka na ukurasa mtupu. Andika hoja na mfano, acha nafasi pembeni, jioni ujaze kutoka kwenye kitabu. Madesa, yaani nouti za wanafunzi wa mwaka jana zinazouzwa steshenari, yanasaidia, lakini mengine yameandikwa na mtu aliyepata C. Yatumie kuangalia mada, siyo kumeza.

Kila somo lina maelezo yake, karatasi inayotaja mada, vitabu, na alama zinavyogawanywa. Hutolewa wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza ndiyo wageni wengi bado wanatafuta magodoro. Ipate kwa kiongozi wa darasa, CR, uibandike ukutani.

Halafu nenda kwenye semina. Semina ndiyo darasa dogo, watu ishirini au thelathini, na msaidizi wa mhadhiri anakujua kwa jina. Unaogopa Kiingereza chako? Wenzako nao wanaogopa chao. Andika swali moja kwenye karatasi kabla ya kuingia, uliulize kwa kulisoma. Hakuna anayecheka baada ya wiki ya tatu.

Hatua ya 6: Jifunze kupiga hesabu ya GPA kabla haijakupiga

Kwa vyuo vingi alama zimegawanywa mara mbili: 40 za muhula, yaani testi, asaimenti na semina, na 60 za UE. Ukiingia UE ukiwa na 30 kati ya 40 unaingia umetulia. Ukiwa na 15, kila swali linakuwa na jasho, na kuna vyuo havikuruhusu kuingia kabisa kama alama za muhula ziko chini ya kiwango chao. Testi ya kwanza huja wiki ya sita au ya saba. Umeona sasa kwa nini nazitaja wiki sita.

Daraja zilizozoeleka ni hizi: A kuanzia 70, B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40. Kozi za afya zina mizani yake, kali zaidi, kwa hiyo soma kanuni za chuo chako. Kwenye GPA, yaani wastani wa pointi zako, A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za somo, na hapo ndipo watu wasipoangalia.

Chukua mwanafunzi mwenye krediti 60 kwa muhula: somo moja la 16, matatu ya 12, na moja la 8. Lile la 16 amepata C, pointi 32. Masomo mawili ya 12 amepata B+, 48 na 48. La tatu B, 36. Lile dogo la 8 amelipenda, kapata A, 40. Jumla 204, gawanya kwa 60, GPA ni 3.4. Hiyo ni daraja la pili la chini, ambalo huishia 3.4. Angepata B badala ya C kwenye lile la 16, jumla ingekuwa 220, GPA 3.6, na angevuka kwenda daraja la pili la juu linaloanzia 3.5. Hata angeshuka kutoka A hadi B kwenye lile dogo alilolipenda, B ya somo kubwa ingelipa hasara yote.

Maana yake, muda mwingi upeleke kwenye somo lenye krediti nyingi, hata kama linakuchosha. Na usidanganywe na wakubwa wanaosema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. GPA ya mwisho inajumlisha miaka yote, na kupandisha 2.6 ya mwaka wa kwanza ni kazi ya miaka miwili.

Hatua ya 7: Lipasue bumu siku linapoingia

Fungu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichoanza mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500. Likitoka la siku 60 unaona 600,000 kwenye akaunti kwa mkupuo. Kwa kijana ambaye shuleni alipewa elfu ishirini ya mwezi, hicho ni kishawishi kikubwa.

Weka hesabu mezani. Tuseme chai na chapati 1,000, mchana wali maharage 2,000, jioni 2,500. Ni 5,500 kwa siku, 330,000 kwa siku 60. Inabaki 270,000 ya kodi, bando, nakala, sabuni, nauli, na kumtumia mdogo wako daftari. Siku bumu linapoingia, lipa kwanza kodi, kisha gawa hela ya chakula mafungu manne ya siku kumi na tano. Fungu moja baki nalo, matatu yafungie kwenye akaunti ya akiba isiyo na kadi au huduma ya akiba ya simu inayozuia kutoa kabla ya tarehe. Simu mpya subiri bumu la tatu. Utashangaa, ukifika la tatu hamu yenyewe imeshaisha.

Maadui wa bumu ni wawili wakubwa. Wa kwanza ni mkeka. Chuoni kubeti kunaonekana kama mazungumzo ya kawaida ya mpira, mpaka mtu anaweka hela ya chakula "airudishe" ile ya jana. Wa pili ni mikopo ya programu za simu, inayotoa elfu thelathini kwa dakika tano halafu inawapigia watu wote kwenye orodha yako ya namba kukutangaza mdaiwa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja hadharani programu 69 zinazokopesha bila leseni. Umeishiwa? Mwambie mwenzako wa chumba, au nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Aibu ya hapo inaisha siku hiyohiyo.

Na ukumbuke bumu ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa hadi liishe.

Hatua ya 8: Watu

Asaimenti za vikundi zitakufundisha binadamu. Majina kumi kwenye jalada, waliofanya ni wawili, na mmoja wao ndiye aliyelipia kuchapisha. Wiki ya kwanza tafuta watu watatu wanaofika kwa wakati, mkae pamoja kila somo linaloruhusu kuchagua. Usiangalie nani ni mcheshi, angalia nani amekuja semina ya saa moja asubuhi siku ya mvua.

Msinakili kazi ya mtu, wala msibandike jibu zima la ChatGPT. Mhadhiri anayesoma karatasi mia mbili anatambua aya isiyofanana na uandishi wa darasa lile, na adhabu ya kunakili inaweza kufika kufutiwa somo. Programu hizo zitumie kukueleza dhana usiyoielewa, kisha funga simu uandike mwenyewe.

Kuhusu mapenzi, dini na siasa za chuo: vyote vipo, vyote vina wapiga debe wiki ya kwanza. Hakuna kimoja kinachoisha nafasi ukisubiri mwezi wa pili kujiunga.

Hatua ya 9: Mambo yakienda mrama

Sema mapema, na sema kwa maandishi. Hilo ndilo linalowaokoa watu.

Kozi si ile uliyoitaka? Dirisha la kuhama hufunguliwa kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka. Uliza ofisi ya udahili wiki ya kwanza, siyo baada ya kufeli testi. Na usimpe hela mtu yeyote anayedai ana mkono ndani. Uhamisho unapitia kwenye mfumo.

Umeugua au umefiwa karibu na mitihani? Pata ripoti ya daktari au barua ya serikali ya mtaa, andika barua ya kuomba kuahirisha mtihani kupitia kwa mkuu wa idara, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua iandikwe kabla ya mtihani. Ukiingia chumba cha mtihani ukiwa mgonjwa halafu ukafeli, ni vigumu mno kurudi kusema ulikuwa mgonjwa. Hali ikiwa kubwa zaidi, unaweza kuahirisha mwaka mzima kwa kibali. Aliyeahirisha anarudi. Aliyetoweka tu bila barua anahesabiwa ameacha, na mkopo wake nao unasimama.

Umepata sapu? Ni mtihani wa marudio, kwa vyuo vingi hufanywa baada ya muhula wa pili, na wengi wanaufaulu. Alama yake kwa kawaida haizidi C hata ukijibu vizuri namna gani, kwa hiyo kazi yake ni kukuvusha tu. Baki chuoni au karibu na maktaba wiki mbili kabla yake, uwe na mitihani ya nyuma ya somo hilo, umtafute msaidizi wa mhadhiri akuoneshe ulipopotea. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hakuji kwa sapu moja. Huja kwa masomo kurundikana au GPA kushuka chini ya kiwango, na kabla ya hapo utaiona inakuja kwenye alama za testi.

Mwisho, matokeo ya muhula yakibandikwa kwenye akaunti yako, kagua somo kwa somo. Kama kuna alama inayokosekana, usisubiri muhula ufunguliwe. Mwone mratibu wa somo ukiwa na testi zako zilizosahihishwa, zile ulizokuwa unazitunza kwenye bahasha tangu wiki ya sita.